Siku kumi za kusogeza maktaba na intaneti: kumbukumbu ya safari ya kujitolea

Watu watano, gari moja, seva ndogo ya maktaba ya kidijitali, na redio mbili za kuvusha intaneti kutoka kituo cha mji hadi shule iliyo kilomita 3 ng'ambo ya msitu wa kupandwa. Kumbukumbu hii imeandikwa kwa ajili ya timu zitakazofanya kazi kama hii baadaye, kwa hiyo vipimo vimewekwa vilivyo na makosa hayakufichwa.

Mpangilio mmoja hatukukubali ugeuzwe. Maarifa yatangulie, yakae palepale shuleni bila kutegemea bando, kisha intaneti ifuate na kufanya yale tu ambayo nakala iliyohifadhiwa haiwezi. ITU, chombo cha Umoja wa Mataifa cha mawasiliano, kilikadiria mwaka 2024 kwamba watu bilioni 2.6 hawatumii intaneti. Wengi wao wanaishi mahali ambapo mawimbi ya simu yanafika; kinachowakwamisha ni gharama, vifaa, na kukosa kitu cha kusoma kwa lugha wanayoielewa. Ukifunga mnara ukaondoka, hujagusa hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Siku ya 1: Kupakua

Siku nzima ilikwenda kwenye kupakua, na inafaa kutengewa siku nzima. Tulitumia Kiwix, mradi ulioanza mwaka 2007, ambao hufunga tovuti nzima ndani ya faili moja lenye mkia wa .zim. Wikipedia ya Kiingereza yenye picha inazidi GB 100. Isiyo na picha ni karibu nusu yake. Wikipedia ya Kiswahili ni ndogo sana kwa kulinganisha, inaingia hata kwenye simu, na hiyo ndiyo iliyotangulia kwenye orodha. Zikafuata Wikamusi, vitabu vya Project Gutenberg, majaribio ya sayansi ya PhET, na masomo ya hisabati yanayofunguka kwa programu ya Kolibri.

Piga hesabu ya muda kabla ya kuahidi tarehe ya kuondoka. Laini ya Mbps 10 ikifanya kazi bila kuyumba inakupa GB 4.5 kwa saa, maana yake faili la GB 100 linataka saa 22 na dakika zake. Laini haikosi kuyumba, kwa hiyo pakua kwa njia inayoweza kuendelea ilipoishia: torenti, au amri ya wget -c. Kivinjari cha kawaida kikikatika kwenye asilimia 93 mara nyingi huanza upya, na usiku mzima umepotea.

Faili likishuka, linganisha alama yake ya sha256, namba ndefu inayobadilika faili likiharibika hata kidogo, na ile iliyochapishwa pamoja nalo. Usiruke hatua hii hata ukiwa umechoka. ZIM lenye kasoro katikati hufunguka vizuri kabisa, makala mia za kwanza zinasomeka, halafu wiki ya tatu mwanafunzi anabofya makala fulani na ukurasa unabaki mweupe. Wakati huo hakuna aliyebaki wa kujua kwamba tatizo lilizaliwa siku ya kupakua.

Kosa la siku hiyo lilitokana na flashi. Nakala ya akiba iligoma kuingia kwenye diski ya kubebea ingawa nafasi ilikuwa tele, na kompyuta ikasema diski imejaa. Diski ilikuwa na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili linalofika GB 4, nafasi iwepo isiwepo. Tuliifomati upya kwa exFAT, ili isomeke na kompyuta za aina zote. SSD ya ndani ya seva, yenye GB 512, tuliipa ext4, kwa sababu ext4 ina kumbukumbu ya shughuli inayoisaidia kujinusuru umeme ukikatika ghafla.

Siku ya 2: Mezani, na umeme wa kukatwakatwa

Kila kifaa kiliwashwa mezani kama kitakavyowashwa shuleni, kwa waya zilezile na chaja zilezile. Hii ndiyo siku iliyookoa safari.

Seva ni Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, yenye RAM ya GB 4. Inataka volti 5 na ampea 3, na inataka kweli. Tuliijaribu kwa chaja ya simu na waya mwembamba wa mita 2: iliwaka, ukurasa ukafunguka, kisha ilipoombwa video tatu kwa pamoja SSD ikajitoa. Amri ya vcgencmd get_throttled ikajibu 0x50000, yaani tangu iwashwe volti zimewahi kushuka chini ya kiwango na kasi imewahi kupunguzwa. SSD haikuwa na kosa lolote. Waya ulikuwa mwembamba na mrefu, volti zikapotelea njiani. Tulibadilisha waya, tukarudia jaribio kwa saa mbili, jibu likawa 0x0. Andika jibu hilo kwenye daftari la seva, maana ndilo utakalolinganisha nalo siku mambo yakiharibika.

Kosa la pili lilikuwa la mlango, yaani namba ambayo programu husikilizia maombi ya mtandao. Kolibri husikiliza kwenye mlango 8080, nasi tuliiwekea kiwix-serve, programu inayowafungulia wasomaji faili za ZIM, mlango huohuo bila kufikiri. Atakayewaka kwanza anaupata, mwenzake ananyamaza. Kibaya zaidi, mshindi hubadilika kila unapowasha upya, kwa hiyo leo vitabu vipo na kesho havipo. Kiwix ilihamishiwa 8090, na ukurasa wa mbele wenye picha mbili kubwa za kubofya ukawekwa kwenye mlango 80.

Pi 4 pia haina saa inayotembea yenyewe ikizimwa. Pasipo intaneti huamka ikidhani ni siku ileile iliyozimwa, na maendeleo ya wanafunzi kwenye Kolibri huandikwa kwa tarehe za uongo. Moduli ndogo ya DS3231 yenye betri ya kidonge inamaliza tatizo hilo kwa nyaya nne.

Mwisho ulikuwa jaribio ambalo wengi hulionea huruma: kuchomoa umeme ghafla, mara 10, seva ikiwa inafanya kazi. Mara ya saba kadi ya SD iliharibika na mfumo haukuwaka tena. Afadhali mezani kuliko shuleni. Tuliandika mfumo upya kwenye kadi mpya, kisha tukaingia raspi-config, programu ya mipangilio ya Pi, na kuiweka kadi katika hali ya kusomeka tu, mabadiliko ya mfumo yakikaa kwenye RAM na data ya kudumu ikienda SSD. Baada ya hapo mara 20 za kuchomoa hazikuidhuru. Kadi mbili zaidi zenye nakala kamili zilitiwa kwenye bahasha, zikaandikwa kwa kalamu isiyofutika.

Siku ya 3: Barabarani

Betri ilisafiri ikiwa wima na vichwa vyake vimefunikwa kwa tepu. Paneli ilikaa kati ya magodoro mawili. SSD haina sehemu inayozunguka, ndiyo maana tuliichagua badala ya diski ya kawaida, ambayo barabara ya mashimo huimaliza. Nakala ya pili ya data ilikaa kwenye begi la mtu mwingine.

Siku ya 4: Kuangalia njia ya mawimbi, na kuketi na wenyeji

Asubuhi ni macho. Mtu mmoja alisimama juu ya paa la kituo cha mji na kioo, mwingine juu ya paa la shule na darubini. Mmeto wa kioo ulionekana, na hapo wengi husherehekea mapema. Kuonana kwa macho hakutoshi. Mawimbi ya redio husafiri ndani ya umbo la nafasi lililonenepa katikati, linaloitwa eneo la Fresnel. Kwa umbali wa kilomita 3 na masafa ya GHz 5.8, nusu kipenyo cha eneo hilo katikati ya njia ni mita 6.2, na angalau asilimia 60 yake iwe wazi, yaani mita 3.7 chini ya mstari wa macho. Miti ya ule msitu ilikuwa na mita 2 tu chini ya mstari. Kiangazi redio zingeunganika. Mvua zikianza na majani kulowa, kiungo kingeanza kukatika, na kila mtu angeilaumu ruta.

Mlingoti wa shule ukapandishwa kwenye mpango kutoka mita 6 hadi mita 9, na wa mjini vivyo hivyo. Miti hukua pia. Muulize mwenye msitu umri wa miti na lini itavunwa, kisha ongeza urefu wa miaka mitatu ijayo.

Sheria za masafa zinatofautiana nchi hadi nchi: chaneli zinazoruhusiwa, nguvu ya kurusha, na leseni ya kugawa intaneti kwa wengine. Hayo yawe yameulizwa kwa mamlaka ya mawasiliano kabla ya safari, na barua iwe mkononi. Sisi tulipanga nguvu ndogo makusudi: redio ikirusha dBm 10 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi), antena ikiongeza dBi 23, jumla dBm 33. Njia ya kilomita 3 hula takriban dB 117, antena ya upande wa pili inarudisha 23, kwa hiyo tulitarajia kupokea karibu na dBm −61 (namba ikikaribia sifuri, mawimbi ni makali zaidi). Hiyo inatosha kabisa. Kupandisha nguvu hadi mwisho ni tabia mbaya. Unawachafulia wengine hewa bila kuongeza chochote.

Mchana kulikuwa na kikao: walimu, wazazi, wanafunzi wawili wa darasa la juu, mhudumu wa zahanati ya jirani. Swali letu la kwanza halikuwa la intaneti kabisa: "Mara ya mwisho ulipotaka kujua jambo ukakosa mahali pa kuliangalia, lilikuwa jambo gani?" Majibu yaliandikwa neno kwa neno. Ugonjwa wa majani ya mazao, dozi za dawa, mitihani ya miaka iliyopita, namna ya kuandika barua ya maombi ya kazi. Ukurasa wa mbele wa seva ulipangwa upya usiku uleule kufuata orodha hiyo. Mitihani, ambayo haimo kwenye Wikipedia yoyote, ikapewa folda yake, na kazi ya kuikusanya ikabaki kwa walimu wenyewe.

Kikao hichohicho kiliamua nani mwenye ufunguo, nani mwenye nywila, na pesa ya intaneti ya kila mwezi itoke wapi. Mtandao wa Guifi.net, ulioanza mwaka 2004 huko Catalonia, Uhispania, umedumu kwa sababu wanaoutumia walikubaliana mapema kwamba ni mali ya wote, na makubaliano hayo yakaandikwa. Redio huchakaa, makubaliano yaliyoandikwa hukaa.

Siku ya 5: Mlingoti na vichwa vya waya

Mlingoti wa mita 9 unashikiliwa kwa waya tatu za chuma zilizopishana nyuzi 120, zikiwa ngazi mbili, moja katikati na moja karibu na juu. Hakuna aliyepanda bila mkanda wa usalama, na hakuna aliyesimama chini ya anayepanda. Fimbo ya ethi iligongelewa ardhini mita 2, nje ya ukuta, na waya mnene ukaunganisha mlingoti nayo kwa njia fupi isiyo na kona kali.

Sasa waya wa mtandao, ambao ndio chanzo cha hitilafu nyingi kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii. Tumia waya wa nje wenye ganda jeusi lisiloliwa na jua, na usizidi mita 100 kati ya kifaa na kifaa. Menya ganda sentimita 3, fungua nyuzi nane, zinyooshe kwa vidole mpaka zilale sambamba, kisha zipange, kutoka kushoto, ukiwa umeshika kichwa klipu ikitazama chini: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kata mwisho wa nyuzi kwa mkato mmoja ili zilingane, zikibaki milimita 13 hivi. Sukuma ndani hadi uone vichwa vya shaba vimegusa ukuta wa mbele wa plastiki. Ganda la nje nalo liingie ndani ya kichwa, libanwe na ule ulimi wa plastiki; likibaki nje, uzito wa waya utaning'inia kwenye nyuzi na upepo utazichomoa moja baada ya nyingine.

Redio zetu zilipata umeme kupitia waya huohuo, volti 24 zinazotumwa moja kwa moja bila vifaa kuulizana kwanza: nyuzi ya 4 na 5 zinabeba chanya, 7 na 8 hasi. Data ya Mbps 100 inapita 1, 2, 3 na 6. Ukilijua hili, taa zinakuambia ugonjwa. Redio imekufa kabisa: angalia jozi ya bluu na ya kahawia. Redio inawaka lakini haionekani kwenye kompyuta: angalia chungwa na kijani. Na usichomeke kamwe upande wenye umeme wa aina hii kwenye laptopu, kwa sababu hautangulii kuuliza kama kifaa kinauhitaji. Mlango wa laptopu unaweza kuungua.

Kuna kosa moja ambalo kipima waya cha bei ndogo hakilioni. Mtu akipanga jozi ya kijani kwenye 3 na 4 badala ya 3 na 6, kwa pande zote mbili, kipimo kinawaka taa zote nane kwa mpangilio sahihi. Umeme unapita. Lakini nyuzi zilizosokotwa pamoja hazibebi tena ishara moja, kelele zinaingia, na kiungo kinazunguka kati ya Mbps 10 na kukatika. Lilitutokea kwenye waya wa mita 40; ule wa mita 3 wenye kosa lilelile ulifanya kazi bila shida, ndiyo maana ilichukua saa mbili kulibaini. Angalia rangi kwa macho, usiamini taa peke yake.

Mahali waya unapoingia ndani, acha uning'inie kidogo chini ya tundu kabla ya kupanda kuingia. Maji hudondoka pale chini badala ya kufuata waya hadi kwenye ruta.

Siku ya 6: Kulenga

Redio za pande zote mbili ziliwashwa, zikaonana kwa dBm −79. Ilikuwa furaha ya uongo. Antena ya dBi 23 ina mwale mkuu mwembamba na miale dhaifu ya pembeni, na ukikamata wa pembeni, kila unapogeuza kidogo namba inazidi kuwa mbaya, unaamini umefika kileleni. Dawa yake ni kuzungusha antena polepole kutoka upande hadi upande, nyuzi 40 zote, huku mtu wa chini akisoma namba kwa sauti. Utasikia kilima kidogo, bonde, kilima kikubwa, bonde, kilima kidogo. Rudi kwenye kikubwa. Fanya hivyo kwa kuinamisha na kuinua pia. Upande mmoja tu usogezwe kwa wakati mmoja, mwenzake akae kimya.

Namba ilifika −62. Kukaza nati kukaisukuma hadi −65, kwa kuwa spana huizungusha antena bila wewe kuona. Kaza nusu mzunguko kila nati kwa zamu, ukisikiliza namba. Tuliishia −63, tofauti ya dB 2 na hesabu ya siku ya nne, na hapo ndipo hesabu inapolipa: kama ungepata −75 ungejua bado hujalenga, au kuna kitu njiani.

Upana wa chaneli tuliuweka MHz 20. Upana wa 40 au 80 hukupa namba kubwa za kujivunia na kelele nyingi zaidi. Kwa MHz 20 jaribio la kasi kwa programu ya iperf3 lilitoa Mbps 74, wakati intaneti iliyonunuliwa mjini ni Mbps 20. Kiungo hakikuhitaji zaidi.

Siku ya 7: Jua

Seva na SSD wati 7, redio wati 6, kisambaza Wi-Fi wati 8. Jumla wati 21, mara saa 24 ni Wh 504. Ukiongeza kinachopotea kwenye vibadilisha volti, tulihesabu 600 kwa siku. Betri ya LiFePO4, aina ya lithiamu, ya volti 12.8 na Ah 100 ina Wh 1,280. Ukitumia asilimia 80 yake unavuka siku moja na nusu bila jua. Kwa betri ya risasi ungehesabu nusu tu ya kilichoandikwa, vinginevyo inakufa mapema. Paneli: 600 gawa kwa saa 4.5 za jua kamili, gawa tena kwa 0.75 kwa sababu ya vumbi na joto, unapata 178. Tulifunga ya wati 200.

Kidhibiti chaji kiwe na mpangilio wa LiFePO4. Unganisha betri kwanza, paneli baadaye, na wakati wa kuchomoa anza na paneli: kidhibiti hutambua volti za mfumo kutoka kwenye betri, na paneli ikitangulia kinaweza kusoma vibaya au kuungua. Fyuzi ikae sentimita chache kutoka kichwa chanya cha betri. Paneli iliinamishwa kiasi cha mvua kuiosha, na mahali pake palichaguliwa baada ya kutazama kivuli cha mlingoti asubuhi na jioni. Hata ukanda mwembamba wa kivuli hushusha umeme wa paneli nzima kupita kiasi mtu anavyotarajia.

Siku ya 8: Kugawana Mbps 20

Seva ilifunguliwa kwanza, intaneti ikiwa bado imefungwa, kwa makusudi. Simu 40 ziliunganishwa kwa kisambaza Wi-Fi cha kujitegemea. Wi-Fi iliyo ndani ya Pi huanza kulegea ikipita watu kumi na kitu. Hapohapo likajitokeza tatizo linalowakatisha tamaa watu wengi kuliko yote: simu hugundua kwamba Wi-Fi haina intaneti, inarudi kimyakimya kwenye data ya simu, na mtu anaambiwa ukurasa haupatikani. Dawa ni kuzima data ya simu, au kukubali ujumbe unaouliza kama ubaki kwenye mtandao huu. Pia, ukiandika neno "maktaba" peke yake, kivinjari kinalitafuta kama swali. Karatasi yenye msimbo wa QR unaofungua http://192.168.10.2 ilibandikwa kila chumba, na tatizo likaisha.

Intaneti ilipofunguliwa, kasi kwa kipimo ilikuwa Mbps 18.5 kushuka na 4.2 kupanda. Simu mbili zilipoanza kupakia video, muda wa kujibu ulipanda hadi milisekunde 480 na kila mtu akasema mtandao ni mbovu. Mtandao haukuwa mbovu. Foleni ilikuwa inajengeka ndani ya modemu iliyo nje ya mamlaka yetu. Kwenye ruta yenye programu huria ya OpenWrt tuliweka SQM, kipanga foleni ya data, kwa mpangilio wa cake, tukaipa karibu asilimia 90 ya kipimo: Mbps 16.6 kushuka, 3.7 kupanda. Foleni ikahamia kwetu, ikagawanywa kwa haki, na kujibu kukarudi milisekunde 40 hata wawili wale wakiendelea. Unatoa sadaka asilimia 10 ya kasi na watu 40 wanapata mtandao unaotumika.

Mjumbe mmoja aliuliza kwa nini ruta isihifadhi kurasa zinazotembelewa mara nyingi. Zamani ilifanyika. Sasa karibu kila tovuti inasafiri imefungwa kwa HTTPS, na ruta haioni kilichomo ndani, wala haifai kukiona. Ndiyo maana faili za ZIM zina thamani yake: nakala ya halali, leseni yake inaruhusu kunakili, na haigusi bando hata kidogo.

Kuhusu malipo, Tume ya Broadband ya Umoja wa Mataifa iliweka mwaka 2018 lengo kwamba kufikia 2025, katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kifurushi cha kuanzia kisizidi asilimia 2 ya pato la mtu kwa mwezi. Kamati ilitumia kipimo hicho kupanga mchango, na maktaba ya ndani ikabaki bure kwa yeyote. Tulipinga wazo la kufungua tovuti moja bure na nyingine kwa malipo. Wikipedia Zero ilijaribu njia hiyo kupitia kampuni za simu kuanzia 2012 na ilifungwa 2018. Msomaji anayefika kwenye marejeo ya makala akakuta mlango wa kulipia ameonyeshwa maarifa kwa dirishani.

Siku ya 9: Kuandika, si kusoma tu

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, inaandikwa na wachache mno. Watu 18 walikuja kujifunza kuhariri. Akaunti sita za kwanza zilifunguka vizuri. Ya saba ikakataliwa. Wikipedia huruhusu akaunti 6 mpya kwa anwani moja ya IP ndani ya saa 24, na darasa zima lilikuwa linaonekana duniani kwa anwani moja. Tulilijua, tulisahau. Waliobaki walijisajili kwa data za simu, na simu mbili zikakuta anwani za kampuni ya simu zimezuiwa kwa sababu ya uharibifu wa watu wengine. Njia sahihi ni kuomba kikomo kipandishwe kwa siku hiyo, angalau wiki moja kabla, au kuwa na mhariri mwenye haki ya kuwafungulia wengine akaunti.

Makala zilianzia kwenye ukurasa wa majaribio wa kila mtu. Makala tatu zilifutika siku hiyohiyo: mbili zilinakiliwa neno kwa neno kutoka tovuti nyingine, moja haikuwa na chanzo hata kimoja. Picha iliyookotwa mtandaoni nayo haikudumu Commons, hifadhi ya picha huru inayotumiwa na Wikipedia. Ile ya mmea aliyoipiga mwanafunzi mwenyewe imebaki. Kilichofanya kazi vizuri zaidi kilikuwa kidogo: kuongeza chanzo kwenye sentensi iliyokwisha kuwapo. Mtu akifanya hivyo mara tano anaelewa Wikipedia kuliko atakavyoelewa kwa hotuba ya saa nzima.

Siku ya 10: Kukabidhi

Hatukufundisha tena. Waangalizi wanne wa mtandao, walimu wawili na vijana wawili, walitoka nje, na sisi tukaharibu kitu kimoja. Zamu ya kwanza tulichomoa fyuzi; waliipata kwa multimeta ndani ya dakika 6. Ya pili tulibadilisha kadi ya SD kwa iliyoharibika; wakachukua bahasha, wakaweka nakala, seva ikaamka. Ya tatu ilikuwa kichwa cha waya ambacho nyuzi zote mbili za jozi ya kahawia hazikufika mwisho. Redio haikuwaka. Kijana mmoja alitazama taa, akasema, "Data haina kosa, mwalimu, ni umeme," akakata kichwa kile, akamenya sentimita 3, akaanza kupanga rangi.

Kwenye kabati zilibaki vichwa 30 vya RJ45, koleo la kubana, mita 50 za waya, fyuzi 10, kadi mbili, redio moja ya akiba yenye mipangilio tayari, na daftari lenye namba za siku zote kumi: 0x0, −63, 74, 18.5, 40. Nywila zote zilibadilishwa nasi tukiwa hatutazami. Nati za mlingoti zinakaguliwa baada ya mvua za kwanza, na faili jipya la Wikipedia ya Kiswahili linashushwa kwa kiungo hichohicho usiku, saa ambazo hakuna anayesoma.